Umri wa jodari umo kichwani mwake, na tuliwahi kuusoma vibaya

#1 Mpimaji

Wakuu, salaam.

Kila mada ya jodari ikiibuka humu, uzi unagawanyika mapande mawili: kuna wa "samaki wamekwisha" na kuna wa "mnatutisha tu". Kila upande unakuja na tarakimu zake. Sijawahi kuona mtu akiuliza tarakimu hizo zinapikwaje, na mimi nimekuwa mmoja wa wapishi, kwa hiyo leo nafunua chungu.

Nilianza kwa kupima samaki bandarini, baadaye nikahamia maabara kukata mawe ya masikio. Ndiyo, masikio. Samaki hana sikio la nje, lakini ndani ya fuvu ana mawe madogo ya chokaa yanayomsaidia kusikia na kujua kama yuko wima au ameinama. Ana jozi tatu. Sisi tunaitaka ile kubwa.

Kuyatoa ni hivi. Unakata utosi mlalo, juu kidogo ya macho, kama unafungua kifuniko. Ubongo unaonekana, mdogo mpaka unamwonea huruma mwenye nao. Unausogeza, na nyuma chini yake kuna vishimo viwili, kushoto na kulia. Jiwe limelala humo ndani ya utando laini. Unaingiza kibano chembamba, unalishika taratibu, unalitoa. Ukibana kwa nguvu, limevunjika. Jodari awe na uzito wa mtu mzima, jiwe lake ni la kama sentimita moja tu, jembamba, lina umbo la ajabu kama jani dogo lililokunjamana. Mwezi wangu wa kwanza nilivunja mengi kuliko niliyookoa.

Ukishalipata unalisafisha, unalikausha, unalizamisha kwenye gundi ngumu ya maabara, halafu unalikata kwa msumeno wa almasi kipande chembamba chini ya nusu milimita. Kile kipande kinabandikwa kwenye kioo, kinasuguliwa, kinawekwa chini ya hadubini. Hapo unaona pete. Samaki akikua haraka jiwe linajenga tabaka la sura moja, akikua polepole tabaka linakuwa la sura nyingine. Unahesabu kama mtu anavyohesabu pete za mti. Kwa wachanga kuna mpaka mistari ya kila siku, na macho yanauma kweli.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kimoja: ukikosea umri wa samaki, umekosea kila hesabu inayofuata. Na jambo hilo lilitokea, kwa samaki wa thamani kubwa, kwenye bahari kubwa kuliko zote.

Mwaka 2014, tathmini ya jodari macho-makubwa katika Pasifiki ya magharibi na kati ilionyesha kwamba samaki wazazi waliobaki ni kama asilimia 16 ya wale ambao wangekuwepo kama binadamu asingevua kabisa. Kikomo kilichokubaliwa ni asilimia 20. Ukishuka chini ya hapo unahesabiwa kuwa umevua kupita kiasi. Taa nyekundu ikawaka.

Mwaka 2017 tathmini ikarudiwa, na jibu likapanda juu ya asilimia 30. Taa ya kijani. Samaki hawakuzaliana kimuujiza ndani ya miaka mitatu. Kilichobadilika zaidi ni mchoro wa ukuaji, yaani samaki wa umri fulani anatarajiwa kuwa na urefu gani, na mchoro huo ulitokana na mawe ya masikio yaliyokusanywa na kusomwa upya.

Nitaeleza mantiki yake kwenye posti inayofuata, nanywa maji kwanza.

#2 SehewaWaUsiku

Nimeshaweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 Mpimaji

Tuendelee.

Huwezi kuwahesabu jodari. Huyu haonekani kwa ndege kama tembo. Kwa hiyo wataalamu hujenga modeli, na mojawapo ya vitu vinavyoingizwa ni urefu wa samaki wanaovuliwa. Bandarini ndiyo kazi niliyokuwa nafanya: kumpima kila samaki kutoka ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia, siyo hadi ncha za mkia, maana ncha hukatika. Maelfu kwa maelfu.

Sasa chukulia unaamini kwamba macho-makubwa akiachwa azeeke anafikia urefu mkubwa sana. Ukiangalia samaki wanaovuliwa unakuta majitu ya namna hiyo hayapo. Modeli itasema nini? Itasema: wameuawa kabla hawajafika huko, uvuvi ni mkali mno.

Lakini mawe yaliposomwa ilionekana macho-makubwa wa eneo lile kwa wastani wanaacha kurefuka mapema zaidi. Mzee wa miaka mingi anaweza kuwa na urefu uleule aliokuwa nao miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo yale majitu hayakuuawa na mtu, kwa sehemu kubwa hayakuwahi kuwepo. Modeli ileile, samaki walewale, hukumu tofauti. Katika tathmini ile walibadilisha pia mipaka ya kanda ndani ya modeli, nisifiche, ila mzigo mkubwa ulibebwa na ukuaji.

#4 Mchokozi

Kwa hiyo 2014 mlitwambia wanakwisha, 2017 mkasema wazima. Katikati hapo nani alilipwa? Maana meli kubwa lazima zilishangilia.

#5 Mpimaji

Mkuu Mchokozi, swali lako ni la haki na wengi waliliuliza hata ndani ya vikao. Zilishangilia ndiyo. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, mawe yenyewe yapo. Yanahifadhiwa kwenye makabati, mtu mwingine anaweza kuyasoma upya bila kujua mwenzake alisoma nini, na ndivyo tunavyofanya: wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, halafu tunalinganisha. Tukitofautiana sana jiwe linatupwa nje ya hesabu.

Pili, sayansi hiyohiyo imewahi kuleta habari mbaya kwa meli kubwa. Jodari pezi-bluu wa Pasifiki, tathmini za miaka ya 2010 zilionyesha wazazi waliobaki ni asilimia chache tu, za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ya kiwango cha bila uvuvi. Hakuna aliyeshangilia siku ile. Migawo ikakatwa, hasa ya samaki wadogo. Tathmini ya 2024 ikaonyesha wamevuka asilimia 20, lengo walilojiwekea, miaka kadhaa kabla ya muda.

#6 BintiMaji

Asante kaka Mpimaji. Naomba uturudishe nyuma kidogo sisi tusiojua. Jodari wako wa aina ngapi? Maana umetaja macho-makubwa, pezi-bluu, huyu mwenzetu anajiita sehewa. Na swali la pili ndilo linalonisumbua: unajuaje kwamba pete moja ni mwaka mmoja? Kwa mti sawa, kuna misimu. Lakini jodari anaishi maji ya joto mwaka mzima.

#7 Mpimaji

Dada, swali la pili limenifurahisha, nalihifadhi. La kwanza haraka: jodari wa jenasi Thunnus wako wanane. Wanaotajwa sana ni pezi-njano, macho-makubwa, jodari mweupe, na pezi-bluu watatu: wa Atlantiki, wa Pasifiki na wa kusini. Sehewa (Katsuwonus pelamis, yule mwenye mistari tumboni) hayumo kwenye jenasi hiyo, ni binamu wa karibu. Lakini ndiye anayebeba biashara. Dunia inavua takriban tani milioni 5 za jodari wa kibiashara kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni yeye. Ukifungua kopo la jodari, uwezekano mkubwa unakutana na sehewa.

Anahimili kwa sababu ana haraka. Anaanza kuzaa akiwa na umri wa kama mwaka mmoja, na kwenye maji ya joto anaweza kutaga karibu kila siku. Mlinganishe na pezi-bluu wa kusini, anayeanza kuzaa akiwa na miaka kama kumi na kitu, na sehemu yake ya kuzalia ni moja tu duniani, kati ya Java na kaskazini-magharibi ya Australia. Wote wanaitwa jodari lakini ukiwawekea kanuni moja ya uvuvi utamuua mmoja wao.

#8 Mpimaji

Sasa pete. BintiMaji yuko sahihi kabisa, na kwa miaka mingi wataalamu wenyewe hawakuaminiana. Kuna waliosoma mistari ya kila siku mpaka kwa samaki wakubwa wakapata umri mdogo, kuna waliosoma ya mwaka wakapata mkubwa. Mistari ya siku kwa samaki mzee inabanana mpaka haitengani, ukiihesabu unapunjwa.

Njia ya kwanza ya kuamua ugomvi ni dawa. Unamvua samaki akiwa hai, unampima, unamchoma alama ya plastiki nyuma ya pezi la mgongoni, unamdunga antibayotiki iitwayo oksitetrasaiklini, unamrudisha majini. Yote hayo ndani ya sekunde chache, yuko kwenye kitanda cha plastiki kilicholowa, anapiga mkia kama ngoma. Dawa ile inaingia kwenye jiwe la sikio na kuacha mstari unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Akivuliwa tena baada ya miaka miwili, unatoa jiwe, unawasha taa, unahesabu pete zilizojengwa nje ya ule mstari. Ukikuta mbili, umepata jibu lako.

Bahari ya Hindi ilifanyiwa kazi kubwa ya aina hii kati ya 2005 na 2009 chini ya kamisheni ya jodari ya bahari hiyo. Walitiwa alama takriban samaki 200,000 wa aina tatu: sehewa, pezi-njano na macho-makubwa. Wengi wao waliachiwa mbali na pwani ya Tanzania. Zaidi ya 30,000 walirudi mikononi mwa watu. Waliodungwa dawa walikuwa sehemu ndogo tu ya hao.

Njia ya pili ni mabomu ya nyuklia.

#9 SehewaWaUsiku

Mabomu?? Mkuu usikimbie.

#10 Mpimaji

Nipo, nilikuwa naandika.

Majaribio ya nyuklia ya hewani ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga angani kaboni-14 nyingi mno. Ikashuka baharini, na kila kilichokuwa kinajenga chokaa kikaimeza: matumbawe, kome, mawe ya masikio. Matumbawe yanakua tabaka kwa tabaka na miaka yake inajulikana, kwa hiyo yanatupa kalenda: mwaka fulani, kiasi fulani. Sasa unachukua jiwe la jodari, unachimba kiini chake, yaani ile chokaa aliyoijenga mwaka wake wa kwanza, unapima kaboni, unakwenda kwenye kalenda. Imekwambia amezaliwa lini. Unatoa kutoka mwaka aliovuliwa. Halafu unamwita msomaji wa pete unamwuliza: wewe ulihesabu ngapi?

Hivyo ndivyo pezi-bluu wa kusini alivyothibitishwa kuwa anafika miaka zaidi ya 30. Na utafiti wa 2020 kwa pezi-njano na macho-makubwa wa kaskazini-magharibi mwa Atlantiki ulifika kwenye miaka 16 hadi 18. Zamani tulimchukulia pezi-njano kuwa ni samaki wa miaka michache tu. Yaani wazee walikuwepo siku zote, tulikuwa tunawaita vijana.

#11 NahodhaMzee

Nimefuatilia uzi huu na miwani yangu. Vijana mnasema vizuri. Mimi nimevua jodari kwa mshipi zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuhitaji jiwe kujua kama bahari ina samaki au haina. Nikitupa ndoano asubuhi, kufika mchana najua. Siku hizi nakwenda mbali zaidi, nakaa zaidi, narudi na wadogo. Hilo andika kwenye modeli yako.

Na lingine. Aliwahi kuja mpimaji mmoja akapima samaki wangu wote kumi na saba, akaandika, akaondoka. Mpaka leo sijui aliandika nini. Hata asante ya matokeo hakuna.

#12 Mpimaji

Mzee wangu, shikamoo.

Kwa hilo la pili sina utetezi. Tunachukua, haturudishi. Ni aibu ya kazi yetu na naikubali.

La kwanza, unachokifanya wewe ndicho wanachokifanya wao, tofauti ni ukubwa. Meli ya mishipi mirefu inashusha kamba kuu yenye ndoano 2,000 hadi 3,000 kwa mkupuo. Wanahesabu: kwa kila ndoano elfu, samaki wangapi? Mwaka huu wangapi, miaka ishirini iliyopita wangapi? Ikishuka, dalili ni kwamba samaki wamepungua. Ni kipimo chako hichohicho cha "nikitupa asubuhi".

Tatizo ni kwamba mvuvi anajifunza. Anabadilisha kina, chambo, eneo. Ndoano ya leo siyo ndoano ya 1980, na ikiwa mavuno kwa ndoano hayajashuka inaweza kuwa ujanja ndio umepanda. Kwa nyavu za kuzungusha hali ni mbaya zaidi, maana siku hizi wanavua kwenye vyelezo, yaani vitu vinavyoachwa vielee ili samaki wakusanyike chini yake, vyenye maboya ya setilaiti na kipima-mwangwi kinachoona samaki walio chini. Nahodha yuko umbali wa siku mbili lakini anajua chini ya chelezo chake kuna tani ngapi. Hata samaki wakipungua nusu, yeye ataendelea kujaza, kwa sababu haendi kutafuta, anakwenda kuchukua. Ndiyo maana takwimu za meli hizo peke yake haziaminiki kueleza wingi wa samaki.

#13 NahodhaMzee

Marahaba mwanangu.

Umegusa kidonda. Vyelezo hivyo ndivyo vinavyotuua. Samaki haji tena anakokuja, anakaa chini ya gogo lao.

#14 Mpimaji

Kuna mjadala kama vyelezo vinabadilisha safari za jodari, na watafiti hawajakubaliana. Lakini madhara mengine hayana ubishi. Chini ya chelezo sehewa hakai peke yake, anachanganyika na watoto wa pezi-njano na macho-makubwa, wenye urefu wa nusu mita tu. Wavu haubagui. Sehewa wa ukubwa huo ameshazaa, macho-makubwa bado ana miaka kadhaa mbele yake.

Halafu papa. Vyelezo vya zamani vilining'iniza nyavu kuukuu chini yake. Utafiti uliotoka 2013 kuhusu Bahari ya Hindi ulikadiria papa-hariri 480,000 hadi 960,000 walikuwa wananaswa humo na kufa kila mwaka, hakuna anayewaona wala kuwaandika. Idadi ambayo wavuvi waliiripoti ilikuwa haifiki hata karibu. Baada ya hapo kanuni za vyelezo visivyonasa zikaanza kukazwa, na 2019 kamisheni ya Bahari ya Hindi ikaweka kikomo cha maboya 300 kwa meli kwa wakati mmoja.

#15 Mchokozi

Na hao pezi-njano wa Bahari ya Hindi? Nilisoma wamevuliwa kupita kiasi, nchi zikapunguziwa, kelele nyingi. Juzi nasikia wamepona. Ni mawe tena?

#16 Mpimaji

Unanibana leo. 2015 walitangazwa kuwa wamevuliwa kupita kiasi, 2016 ukawekwa mpango wa kuwarudisha, na kweli kelele zilikuwa nyingi, baadhi ya nchi zilipinga, baadhi zilivuka kiwango. Tathmini ya 2024 ikasema hawako tena katika hali hiyo. Umri ulikuwemo, lakini takwimu za mishipi mirefu zilizochambuliwa upya zilichangia pia, na hapo mimi binafsi natembea polepole. Jibu likigeuka kwa sababu samaki wameongezeka, nafurahi. Likigeuka kwa sababu tumebadilisha kipimo, nangoja tathmini nyingine ithibitishe kabla sijaongeza nyavu. Huo ni mtazamo wangu, wenzangu maabara wapo wanaonicheka.

#17 FizikiaKidogo

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Ni kweli jodari ana damu ya moto? Na ile ya kilomita 70 kwa saa?

#18 Mpimaji

Hujatoka nje, huyu samaki bila joto lake hafanyi lolote.

Daktari Mwingereza John Davy alishaandika mwaka 1835 kwamba aliwapima akakuta wana joto karibu nyuzi 10 zaidi ya maji. Maelezo kamili ya jinsi wanavyofanya yalikuja miaka ya 1960, kwa Francis Carey na John Teal huko Marekani. Samaki wa kawaida joto lake lote linapotea kwenye matamvua, kwa sababu damu yote inapita pale kugusana na maji. Jodari amezuia mlango. Mishipa inayoleta damu baridi kutoka kwenye matamvua na ile inayotoa damu moto kutoka kwenye misuli imesukwa pamoja, maelfu ya vimishipa vyembamba ubavu kwa ubavu, moja ikienda huku nyingine ikirudi. Joto linaruka kutoka kwa inayotoka kwenda kwa inayoingia kabla halijafika nje. Pezi-bluu mkubwa akiwa kwenye maji ya nyuzi 10, misuli yake ya ndani inaweza kuzidi 25.

Ukimkata jodari mbichi utaona nyama nyekundu-nyeusi karibu na uti wa mgongo. Hiyo ndiyo injini ya safari ndefu, na kwa samaki wengi hukaa karibu na ngozi. Yeye ameificha ndani ili isipoe. Na haipumziki: hawezi kusukuma maji kwenye matamvua akiwa amesimama, lazima aogelee mdomo wazi usiku na mchana. Akisimama anakosa hewa.

Kuhusu kasi, ile namba inatokana na vipimo vya 1964, ambapo watu walipima jinsi samaki aliyenaswa anavyovuta uzi kutoka kwenye rili. Walipata pezi-njano kama kilomita 74 kwa saa, kwa mkupuo mfupi. Binafsi nina shaka. Vipimo vya karibuni vya samaki wengine wanaosifiwa kwa mbio vinatoa kasi ndogo kuliko sifa zao.

#19 BintiMaji

Kaka, kuna namna ya kuwahesabu bila kutegemea wavuvi kabisa? Kila njia uliyotaja inapitia kwenye meli.

#20 Mpimaji

Ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote ingawa inatishia ajira yangu. Ni vinasaba.

Waaustralia waliifanya kwa pezi-bluu wa kusini. Walichukua vipande vya nyama vya samaki zaidi ya 13,000, wakubwa kutoka eneo la kuzalia na wadogo kutoka kusini mwa Australia, wakatafuta mzazi na mtoto wake. Wakapata jozi 45. Fikiria hivi: kila mtoto ana baba na mama, hilo halina ubishi. Ukichukua watoto kadhaa na watu wazima kadhaa bila mpangilio, ukakuta wazazi wengi wamo kwenye kundi lako, basi wazima si wengi. Ukikuta wachache, wazima ni wengi mno huko nje. Jozi 45 zinakupa idadi ya wazazi baharini bila kujali nani alivua wapi kwa ujanja gani. Samaki bado wanatoka kwa wavuvi, hilo halikwepeki, lakini juhudi za uvuvi haziingii kwenye hesabu. Makala ilitoka 2016.

Cha kuchekesha ni kwamba hata hapo umri unatakiwa. Lazima ujue yule mzazi alikuwa ameshakomaa mwaka mtoto alipozaliwa. Kwa hiyo wakaja kwetu kuomba mawe.

#21 SehewaWaUsiku

Teh teh, mnarudi palepale.

Mkuu, jiwe linasema chochote zaidi ya umri?

#22 Mpimaji

Linasema alikozaliwa. Kiini kinahifadhi kemia ya maji ya utotoni. Pezi-bluu wa Atlantiki ana sehemu mbili kuu za kuzalia, Ghuba ya Mexico na Mediterania, na maji yake hayafanani. Watafiti waliposoma oksijeni ya viini, matokeo yalitoka 2008, wakakuta zaidi ya asilimia 95 ya wazazi wanarudi kuzaa upande walikozaliwa. Lakini wakati wa kula wanachanganyika, na wengi waliovuliwa upande wa Marekani wakiwa wadogo walikuwa wamezaliwa Mediterania. Sasa kumbuka kwamba migawo ya uvuvi imegawanywa kwa mstari uliochorwa kwenye ramani, nyuzi 45 magharibi, kana kwamba samaki anauona.

#23 NahodhaMzee

Mpimaji, kesho kutwa natoka. Nikipata pezi-njano mkubwa nataka nimtoe jiwe mwenyewe. Nikate wapi sawasawa? Kichwa huwa natupa.

#24 Mpimaji

Mzee umenipa furaha. Kata kuanzia juu kidogo ya jicho kwenda nyuma, mlalo, usishuke sana. Ukiona ubongo simama. Uondoe kwa upole, angalia nyuma chini, vishimo viwili. Tumia kibano chembamba. Lisugue kwa vidole na maji uondoe utando, lianike, liweke kwenye kichupa kikavu. Usilitie pombe wala chumvi.

#25 NahodhaMzee

Nimerudi. Tulipata mmoja, wawili tulimbeba kwa shida. La kushoto limevunjika. La kulia ninalo zima, nimeliweka kwenye kichupa cha dawa ya macho, mjukuu wangu anasema ni ukucha. Ni dogo kweli kwa samaki yule.

#26 Mpimaji

Hongera mzee! Moja linatosha, wengi wetu tulianza kwa kuvunja yote mawili. Nitumie kwenye ujumbe wa faragha nikwelekeze pa kulipeleka, na safari hii matokeo utapata, naweka ahadi mbele ya wote humu. Alikuwa na urefu gani hadi kwenye panda ya mkia?

#27 NahodhaMzee

Sikumpima.

#28 Mchokozi

😂😂

#29 NahodhaMzee

Nilikuwa na jiwe mkononi, nikamsahau samaki. Ila mkia wake ninao, bado haujatupwa. Unafaa?

#30 Mpimaji

Mzee, usiutupe. Kuna namna ya kukadiria kutoka kwenye mkia, si nzuri sana lakini ipo. Pima kutoka ncha hadi ncha, na unene wa shina lake pale mwanzoni, mara tatu tatu, uniandikie zote.